Kabla hujaacha trekta, pigania mabua: namna ya kuingia kilimo hifadhi cha mahindi bila kulia mwaka wa kwanza

Wakuu, kila tukimaliza kuvuna kuna mtu lazima aniulize hiki kilimo hifadhi kinaanziaje, na mara nyingi anayeuliza ameshaamua, anataka tu nimwambie ripa, lile jembe la kupasua mistari bila kugeuza udongo, inapatikana wapi. Sasa mi namrudisha nyuma. Ripa utaipata, hata usipoipata jembe la mkono lipo, shida haiko hapo kabisa.

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Niko upande wa Karatu, mahindi na mbaazi ndo maisha yetu, na mwaka niliojaribu mara ya kwanza nilitenga heka moja nikasema hii hailimwi. Nikapasua mistari kwa ripa ya ng'ombe, nikapanda, nikajiona mtaalamu. Mabua yote ya msimu uliopita yalikuwa yameshaliwa na mifugo ya kijiji tangu Agosti, shamba jeupe kama uwanja wa mpira. Mvua mbili za kwanza zikaligandamiza juu likawa kama sakafu, maji yakawa yanateleza kwenda kwa jirani, majani yakaota kuliko mahindi, nikapalilia mara tatu na bado nikashindwa. Nilitoa gunia saba. Jirani aliyelima kwa trekta alitoa kumi na moja. Mke wangu hakusema neno, aliangalia tu yale magunia afu akaniangalia mimi, na kuangaliwa kule ndo kulinifundisha kusoma hii kitu vizuri.

Kitaalamu wanasema kilimo hifadhi ni mambo matatu: usisumbue udongo, ufunike udongo muda wote, ubadilishe au uchanganye mazao. Yanakwenda pamoja, na hapo ndo wengi tunapojidanganya, tunachukua lile la kwanza kwa sababu linapunguza gharama ya trekta, mengine mawili tunayaacha. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 610 kutoka nchi 63 wakalinganisha kulima na kutolima, na kwa jumla kuacha kulima peke yake kulishusha mavuno. Ukiweka masalia na mzunguko wa mazao hasara inapungua sana, na kwenye maeneo makavu yanayotegemea mvua ndo mavuno yanapanda. Sasa mimi nilifanya lile moja tu afu nikategemea matokeo ya yote matatu.

Kwa nini sasa shamba lililolimwa linaonekana zuri mwanzoni, mahindi kijani kibichi, la kwako la kilimo hifadhi limepauka? Ukilima unaingiza hewa, wadudu wadogo wa udongoni wanashtuka wanaanza kula mboji kwa kasi, wakila wanaachia naitrojeni na mahindi yanainywa. Ni sawa na mtu anayetoa akiba benki kila mwezi, nyumbani kunanukia pilau, lakini salio halirudi. Ukija miaka kumi na tano baadaye udongo umekuwa mwepesi, hauna nguvu, mvua kidogo unajifunga, jua kidogo unapasuka, na chini kule plau ilipokuwa inaishia kila mwaka pametengenezeka tabaka gumu ambalo mzizi haupiti.

Hilo tabaka ndo kitu cha kwanza kukiangalia kabla hujatumia hata shilingi. Chukua beleshi, nenda shambani udongo ukiwa na unyevu wa kiasi, chimba shimo la kama sentimita 40, afu ingiza kisu ubavuni kuanzia juu ukishuka taratibu. Ukifika sehemu kisu kinagoma, mara nyingi ni kati ya sentimita 15 na 25, pima uandike. Kama bado una mashina ya mahindi, ng'oa matano uangalie mizizi. Mzizi ulioshuka ukagonga ukakata kona kwenda pembeni unakwambia kila kitu, huo mmea ulikuwa unaishi kwenye sufuria. Siku tano za jua ukanyauka, we ukasema mvua ni mbaya mwaka huu.

Ukiwa hapohapo kata bonge la udongo, sentimita 20 kila upande, ulifumue juu ya mfuko uhesabu nyungunyungu, ndo dalili ya uhai wa udongo. Mimi mwaka ule nilipata mmoja tu, na sina hakika kama hakuwa anapita.

Sasa mabua. Hapa nitakaa kidogo.

Tone la mvua kubwa likipiga udongo mtupu linavunja vile vibonge, vumbi lake linaziba matundu, juu panakuwa ngozi. Likipiga bua linapasuka na kudondoka taratibu, maji yanapata muda wa kuzama. Chini ya bua kuna kivuli, unyevu haukimbii, nyungunyungu na mchwa wanapanda juu kula na kushuka, na kila wanapopita wanaacha tundu, hiyo ndo pampu yako ya bure. (Mchwa najua wengi mnawaogopa. Wakiwa na mabua chini wanakula mabua, ukiwanyima ndo wanageukia mahindi yaliyosimama, hilo nimeliona kwa macho.)

Kiasi gani kinatosha? Kipimo cha chini ni udongo uwe umefunikwa asilimia 30 siku unayopanda, yaani ukisimama ukaangalia hatua kumi mbele, karibu theluthi ni mabua. Kwa kupima kwa mizani tafuta kama tani moja kwa heka. Na mahindi yanatoa mabua karibu sawa na punje au zaidi kidogo, kwa hiyo anayevuna gunia kumi na mbili anayo tani yake na chenji inabaki kwa ng'ombe, lakini anayevuna gunia tano hana, hata asipotoa bua moja. Huyo wa gunia tano asikimbilie kufunika heka nne, akusanye mabua ya heka mbili aweke kwenye heka moja, mbolea yake yote aiweke hapo, mwaka unaofuata atakuwa na mabua zaidi. Ukitandaza kidogo kila mahali unapata hasara kila mahali.

Sasa mifugo. Kwetu ukishavuna shamba limefunguliwa, ng'ombe wa kila mtu wanaingia, ndo desturi na huwezi kuamka asubuhi ukaweka kibao cha marufuku. Halafu kuna wanaokuja na Kenta kununua mabua, hela taslimu, na ada ya shule ni mwezi huohuo. Huko Kondoa serikali ilipoanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, makorongo yalikuwa yameshakula ardhi kiasi kwamba mwaka 1979 waliamua kuhamisha mifugo yote eneo lililoharibika, majani na miti vikarudi, lakini hiyo ni amri ya serikali, we na mimi hatuna hiyo nguvu. Tuna ujanja.

Ujanja ulionifanyia kazi mimi ni mbaazi. Shamba lenye zao halijafunguliwa, hata mchungaji mkorofi anajua hilo. Mahindi tunavuna Julai, mbaazi za muda mrefu zinabaki zimesimama mpaka Septemba au zaidi, kwa hiyo mabua yangu yanalala chini ya mbaazi yanalindwa na mila ileile iliyokuwa inayamaliza. Ngwara, ile jamii ya maharage, nayo hivyohivyo, yenyewe inatambaa na kufunika chini kabisa, kijani kiangazi chote, ukipita shamba la ngwara Agosti unaweza kuhisi uko masika. Jambo la pili, sigombani na ng'ombe, nawapa sehemu yao: mahindi yakishakauka nakata juu ya gunzi, kile kichwa na majani laini kinakwenda zizini, bua gumu la chini ambalo ng'ombe hata hawalipendi linabaki. La tatu, kwenye kontua, ile mistari ya kukata mteremko, panda matete au nyasi za guatemala, unapata malisho na unazuia maji kwa wakati mmoja. Na ongea na majirani zako wa mipaka kabla ya mavuno, si siku ng'ombe wameshaingia. Ukiweza kuwashawishi watatu wanaopakana na wewe mkawa kitu kimoja, ni rahisi kuliko kuwa kisiwa, na serikali ya kijiji inaweza kuwasikiliza mkiwa wanne.

Kuchoma sizungumzii. Unayechoma acha kwanza, afu urudi tuongee.

Maandalizi ni kiangazi, si mvua zikianza. Tabaka gumu linapasuka vizuri udongo ukiwa mkavu, ukiwa mbichi ripa inateleza kama kisu kwenye siagi, inapita na haijavunja kitu. Ripa ya kukokotwa na ng'ombe, nyingi zinafanana na ile ya Magoye ya Zambia, unaifunga kwenye mti wa plau ya kawaida. Mistari sentimita 75 kwa mahindi peke yake, 90 kama utaweka mbaazi katikati, na pita mara mbili mstari uleule maana mara ya kwanza inakwaruza tu. Pita kukata mteremko, usifuate mteremko, ukifuata umechimba mtaro wa kupeleka udongo wako bondeni. Kati ya mistari usiguse. Ng'ombe wakigoma kwa sababu wamekonda kiangazi, basi ndo hivyo, gawa kazi wiki mbili, asubuhi tu.

Asiye na ng'ombe achimbe mashimo. Zambia wanachimba sentimita 30 urefu, 15 upana, 20 kina, nafasi 70 kwa 90, Zimbabwe wanatumia madogo zaidi ya 15 kila upande kwa nafasi ya 75 kwa 60, na sisi wenyewe Dodoma tuna mashimo ya Chololo yaliyopewa jina la kijiji kilikoanzia. Na tusisahau Wamatengo kule Mbinga na ngoro zao mlimani, wanalaza nyasi wanafukia udongo juu, wamefanya hivyo vizazi na vizazi kabla mtu hajaleta semina. Mi nafuata 75 kwa 60 kwa sababu hesabu yake ni rahisi, heka moja inatoa mashimo kama elfu tisa. Elfu tisa ni mengi, usidanganyike, mwaka wa kwanza mgongo utakutambua. Lakini unachimba Agosti mpaka Oktoba huna kazi nyingine, na mwaka wa pili unarudia mashimo yaleyale, kazi inashuka nusu au zaidi. Tumia kamba yenye mafundo, usikadirie kwa hatua.

Kwenye shimo weka samadi iliyooza, kopo moja, na mbolea ya kupandia kizibo kimoja cha soda. Kizibo ni kama gramu tano na kidogo, ukizidisha kwa mashimo elfu tisa unakuta umemaliza mfuko mmoja wa kilo 50 kwa heka, na hapo hujatupa hata punje moja katikati ya mistari ambako unalisha magugu. Funika mbolea kwa udongo kidogo kabla ya kuweka mbegu, ikigusana inaunguza. Mbegu mbili kwa shimo, kina cha sentimita tano, na mvua ya kwanza ya maana ikizamisha maji kwenye shimo we unapanda kesho yake. Hii ndo faida ambayo watu hawaihesabu: wenzako wako kwenye foleni ya trekta, mwenye trekta anasema kesho, keshokutwa, mara kifaa kimevunjika, wewe mahindi yako yana majani manne. Kwa sehemu zenye mvua fupi, nafikiri nusu ya ushindi wa kilimo hifadhi iko kwenye hizo siku kumi tu.

Wiki ya tatu jiandae kuona mahindi ya njano. Usipanik. Bua la mahindi lina kaboni nyingi naitrojeni kidogo, sasa wale wadudu wadogo wanaolioza wanakopa naitrojeni kwenye udongo, wanamkopa mpaka mmea wako, watairudisha lakini baadaye. Ndo maana kwenye mabua mengi usibane mbolea ya kupandia, na ile ya kukuzia iwahishe kidogo, usingoje mahindi yafike kiunoni. Urea usiimwage juu ya mabua, inapotea hewani kama gesi, hata pua yako itaisikia. Sogeza bua, chimba kidogo pembeni ya shina, weka, fukia.

Palizi ndo inayowarudisha watu kwenye plau, na siwalaumu. Plau ilikuwa inafukia majani yote kwa siku moja, sasa hayafukiwi. Miaka miwili ya kwanza ni vita, hasa kama shamba lina ndago au sangari, na kwa kweli mzigo unawaangukia akina mama, kwa hiyo baba unayeamua kuacha plau uamue na wewe kushika jembe. Palilia kwa kukwangua juujuu, usichimbe, ukichimba unaamsha mbegu nyingine zilizolala. Usiache gugu litoe mbegu hata baada ya kuvuna, pitia na panga. Ukikaza hivyo, kufika mwaka wa tatu kazi inapungua kwa kuonekana. Wanaotumia dawa ya kuua majani ile ya glaifosati, ipigwe kabla mahindi hayajaota, na maji yawe masafi kabisa, maana hiyo dawa inajishika na udongo, ukichota maji ya tope bwawani umenunua dawa ya kwenda kuogesha tope. Vaa buti, angalia upepo, chupa usizigeuze za mafuta ya kula.

Mchanganyiko wa mazao: mbaazi zipande siku moja na mahindi, haziyasumbui kwa sababu zinaanza taratibu mno, zinakuja kuchangamka mahindi yakishakomaa. Mzizi wake unashuka chini kabisa, ukioza unaacha tundu, hiyo ni ripa ya bure, na majani yake yanayodondoka ni mbolea. Ngwara ingiza wiki ya tatu au ya nne, ukiiwahisha inapanda juu ya mahindi inayanyonga. Kuhusu soko la mbaazi sitasema uongo, 2017 India ilipoweka kikomo cha kununua kutoka nje bei ilianguka mpaka watu wakaifanya miti yake kuni za kupikia wakaapa hawarudii, kwa hiyo usiweke matumaini ya ada yote pale, hesabu kwamba kazi yake ya kwanza ni udongo na mlango wa shamba, hela ni nyongeza. Maharage kwa mzunguko nayo ni sawa, kikubwa usirudishe mahindi juu ya mabua ya mahindi miaka mitano mfululizo, magonjwa na funza wa mabua watakuwa wapangaji wa kudumu.

Haya, mavuno yanapanda kiasi gani. Kuna uchambuzi wa 2020 wa majaribio ya Afrika kusini mwa Sahara, wastani kwa mahindi ni asilimia nne tu juu ya kilimo cha kawaida. Nne. Ukisikia mtu anakuuzia mara tatu, muulize alikuwa anavuna ngapi kabla na mbolea ilianza lini, maana mara nyingi ni mbegu bora, mbolea na kuwahi kupanda ndo vimefanya kazi, kilimo hifadhi kikapewa sifa. Lakini wastani unaficha kitu. Uchambuzi huohuo unaonyesha mvua inapokuwa kidogo, na mabua yapo, na mazao yamechanganywa, tofauti inakuwa kubwa zaidi. Kwangu ndivyo ilivyo: mwaka wa mvua nzuri jirani wa trekta na mimi tunalingana, pengine ananizidi debe mbili tatu, mwaka mvua inakatika yakiwa kwenye mbelewele yeye anavuna mabua na mimi navuna mahindi. Na mimi sijalipa trekta. Hayo yameanza kuonekana mwaka wa tatu, kabla ya hapo nilikuwa naishi kwa ubishi tu.

Kuna sehemu usilazimishe. Ardhi ya mbuga, ule udongo mweusi unaotuamisha maji, ukiufunika mwaka wa mvua nyingi mahindi yanaoza miguu, huko matuta yana maana zaidi. Mlima mkali usitegemee mabua peke yake, weka fanya juu (mtaro ambao udongo wake unatupwa upande wa juu) au kontua za nyasi kwanza. Na udongo wenye chumvi au uchachu mkali unahitaji kupimwa, mabua hayatibu kila kitu.

Anza na robo heka. Iweke pembeni ya shamba unalolima kawaida, mbegu ileile, mbolea ileile, siku tofauti ruksa kama we umewahi, na magunia upime mbalimbali usichanganye kwenye kihenge kimoja. Kila mwaka baada ya mavuno chukua bonge la udongo mkavu la ukubwa wa yai kutoka kila upande, liweke taratibu kwenye glasi ya maji. La shamba linalolimwa litasambaa tope dakika chache, la upande wenye mabua litaanza kukaa, mwaka wa kwanza kidogo, mwaka wa tatu unaweza kwenda kunywa chai ukarudi ukalikuta. Kuna na kipimo cha kitambaa, unafukia kipande cha pamba pande zote mbili kina cha kiganja, miezi miwili unachimbua uone upande upi kimeliwa zaidi, huko ndo kuna uhai. Ila kiwe pamba kweli. Mimi nilifukia kipande cha kanga ya mama watoto bila kuuliza, kumbe kanga nyingi za siku hizi ni poliesta, nimeichimbua mwaka uliofuata na maneno yake bado yanasomeka.